Mdogo wangu anarudia muvi za mapenzi za watoto wa shule zenye vifo na ugonjwa wa akili, nimwache au nimzuie?

mtotowakambi (Jinja):

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri kwa wale wanaozijua hizi muvi na wale waliopitia msiba nyumbani, maana mimi nimefika mahali sijui tena nishike wapi. Sisi ni watoto wa kambini, mzee alikuwa jeshini ndo maana nyumbani ni Kiswahili tu, ila asili yetu West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Mwezi wa pili tulimpoteza kaka yetu aliyenifuata mimi, alikuwa wa boda, lori lilimgonga usiku barabara ya Kampala upande wa Mabira. Miaka 22. Tukampeleka Arua kumzika na mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka 16, yuko S.3 (kidato cha tatu), alikataa kabisa kukaa kwenye basi na kina mama, akapanda lori lililobeba jeneza akakaa pembeni yake usiku kucha mpaka Pakwach tukavuka mto mpaka nyumbani. Hakulia. Watu wakasema huyu mtoto ana moyo mgumu.

Toka turudi Jinja hapandi boda tena. Shule anatembea, anatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi ili awahi, mvua ikinyesha anafika amelowa. Chakula anagusa tu. Na jioni anaomba simu yangu, nikajua anasoma au anachati na wenzake, kumbe anatazama muvi moja ile ile, All the Bright Places. Nimeona kwenye historia ameirudia mara nne ndani ya wiki mbili. Zingine ni The Fault in Our Stars na kama hizo.

Nikaamua kuitazama mwenyewe usiku nikiwa peke yangu. Ndugu zangu nilishtuka. Inaanza tu msichana anaitwa Violet amesimama juu ya ukuta wa daraja, pale pale dada yake alipofia kwa ajali ya gari, halafu kijana anaitwa Finch anapita anakimbia mazoezi anamwona anampandia pale anaongea naye mpaka anashuka. Violet toka ile ajali hataki kupanda gari. Hapo nikasimamisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, maana ni mdogo wangu yule. Halafu mwisho wake (samahani kwa ambao hamjaitazama) ni Finch ndo anakufa, amejiua, yule aliyemwokoa mwenzake.

Mama anasema ni pepo, anataka nimnyang'anye simu na tumpeleke kwa mchungaji. Mimi naogopa nikimnyang'anya ndo nimefunga mlango wa mwisho, na nikimwachia naogopa zaidi. Nisaidieni.

---

flashi_na_muvi (Kampala):

Pole sana kaka kwa msiba, Mungu awape nguvu.

Mimi kazi yangu ni kuwawekea watu muvi kwenye flashi, miaka tisa sasa, na wasichana wa sekondari hizo ndo wanaziulizia kuliko za vita. Nimezitazama karibu zote kwa sababu mtu akiniuliza lazima nijue nampa nini. Naomba nizitenganishe kidogo maana watu wanaziweka kapu moja na si sawa.

Kuna zile za ugonjwa wa mwili. The Fault in Our Stars ya 2014 yule binti Hazel ana kansa, anatembea na mtungi wa oksijeni na mipira puani, kila mtu anaona anaumwa, wazazi wanajua, hata akienda Amsterdam na yule kijana wake mama yake yuko naye. Pale unalia lakini hakuna aliyedanganywa. Kuna A Walk to Remember ya 2002, ile ya binti wa mchungaji mwenye leukemia (kansa ya damu), hiyo hadi mama zetu wanaijua, mpaka leo wanaiulizia.

Sasa hizi za akili ni kitu kingine. Finch anaumwa na hakuna anayeona. Shuleni wanamwita majina, baba alikuwa anampiga akaondoka, mama haonekani, nyumbani yupo dada yake tu. Kuna mshauri wa shule anamwita ofisini anajaribu, lakini Finch ni mwerevu wa maneno, anamchekesha anatoka. Ukiisoma kitabu chake (Jennifer Niven ndo kaandika, 2015) mshauri anautaja kabisa ugonjwa wa bipolar, ule wa moyo kupanda sana halafu kushuka sana, muvi yenyewe imepita juu juu. Kwa mtazamo wangu hilo ndo kosa lake kubwa. Mtoto anatoka pale anafikiri Finch alikufa kwa sababu alibeba huzuni ya Violet akaimaliza yeye, kumbe kijana alikuwa mgonjwa kabla hata hawajakutana na ugonjwa wenyewe una dawa.

Kama anataka za namna hiyo mtafutie Words on Bathroom Walls, ya 2020. Kijana Adam anasikia sauti na kuona watu ambao hawapo, ni schizophrenia, anataka kuwa mpishi, anaanza dawa zinamsaidia lakini zinamharibia ulimi hasikii ladha, mikono inamtetemeka, basi anaziacha kwa siri. Na kuna msichana pale, Maya, mapenzi yapo, lakini Maya hamponyi. Anapoziacha dawa anaanguka vibaya, analazwa, na baba wa kambo ambaye Adam alidhani anamchukia kumbe ndo aliyekuwa anamtetea. Na anabaki hai.

Ombi moja. Usimpe iliyotafsiriwa na VJ, yule anayetafsiri kwa sauti yake juu ya muvi. Nawapenda mavije wetu, wametulea wote kwenye vibanda, lakini muvi ya namna hii anapofika mahali pa kulia mwingine anatia utani ili watu wasilale, na mtu mwenye msiba akisikia watu wanacheka hapo anaumia mara mbili. Mpe ya asili yenye maandishi chini.

---

ticha_wa_S3:

Poleni kwa kumpoteza ndugu yenu. Mimi nitasema tofauti na msinichukie. Zuia. Angalau kwa sasa.

Nafundisha watoto wa umri huo huo. Tatizo la hizi filamu ni kwamba kifo kimepakwa rangi nzuri. Muziki wa taratibu, maji yanang'aa, barua iliyoachwa, halafu baada ya mazishi watu wote wanamwelewa yule aliyekufa, waliomtukana wanajuta. Mtoto ambaye nyumbani hasikilizwi anaona pale njia ya kusikilizwa. Tumeshuhudia mazishi hapa kwetu jamani, hakuna kitu kama hicho, kuna udongo na mama anayezimia na madeni ya jeneza.

Na si mimi tu ninayeogopa. Ile tamthilia 13 Reasons Why ilitoka 2017 ikionyesha chote kifo cha msichana aliyejiua, wataalamu wakapiga kelele, na mwezi wa saba 2019 Netflix wenyewe wakaikata ile sehemu. Miaka miwili baadaye! Kampuni haikati filamu yake bure.

Jambo lingine mzazi au mlezi alijue, kwa sheria yetu ya jinai kujaribu kujiua ni kosa. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi wa kwanza 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao. Kwetu kipo. Kwa hiyo mtoto akifika huko familia zinamficha badala ya kumpeleka hospitali, zinaogopa polisi na zinaogopa aibu. Ndo maana nasema ni afadhali kuzuia mapema kuliko kusubiri.

---

Amina_Bombo:

Ticha shikamoo, nakuheshimu lakini mimi nilikuwa huyo mtoto, kwa hiyo naomba niongee, itakuwa ndefu.

Ile muvi ya Violet na Finch ilitoka tarehe 28 mwezi wa pili 2020. Wiki tatu baadaye shule zikafungwa nchi nzima, na mnakumbuka hazikufunguka vizuri mpaka Januari 2022. Nilikuwa S.2, miaka 15. Baba alifariki mwezi wa saba 2021, lile wimbi la pili la corona, akaletwa akazikwa haraka watu wachache, sisi Wanubi msiba ni watu, ni uwanja kujaa, ni kina mama kupika siku nzima, na yeye akazikwa kama mtu asiye na kwao. Mama akaingia eda. Arobaini ikasomwa. Baada ya arobaini hakuna aliyelitaja jina lake tena nyumbani, siyo kwa ubaya, walikuwa wanatulinda, kila mmoja anamlinda mwenzake. Mimi sikulia pia kaka. Nikaambiwa hivyo hivyo, moyo mgumu.

Nikawa silali. Yaani wiki nzima nalala masaa mawili, halafu inafika wiki siwezi kunyanyuka, naamshwa kuswali nanyanyuka narudi chini, nywele sichani. Hakuna aliyesema naumwa, walisema mvivu. Shangazi alikuwa na muvi hiyo kwenye simu. Niliitazama nadhani mara kumi na tano. Finch ana ukuta chumbani amebandika vikaratasi vyenye maneno, na mimi nikachana daftari nikabandika vyangu pembeni ya kitanda, mama akavibandua vyote siku moja akidhani ni uchawi. Siku ile ndo nililia kwa mara ya kwanza, na haikuwa kwa ajili ya vikaratasi.

Ticha nisikilize. Sikuwa naitazama kwa ajili ya kifo chake. Nilikuwa namtazama Violet. Kuna mahali Finch anamuuliza habari za dada yake na hamkatizi, hamwambii kazi ya Mungu haina makosa (na ni kweli haina, naamini hivyo), anamwacha tu aongee. Nilikuwa narudisha nyuma pale. Nilitaka mtu mmoja aniulize baba yangu alikuwa anachekaje. Wangeninyang'anya ile simu wangeninyang'anya mahali pekee ambapo mtu aliyekufa alikuwa anaongelewa kwa sauti.

Lakini sitakudanganya kaka, kulikuwa na siku nilimtazama Finch. Siku hizo zilikuwa mbaya. Ni muvi ile ile, simu ile ile, ila macho yangu yalikuwa kwa mtu mwingine, na hakuna mtu nyumbani aliyeweza kujua tofauti kwa kuangalia kioo cha simu.

Aliyenisaidia ni binamu yangu. Alikuja akakaa tukaitazama wote, hakusema kitu mpaka imeisha, halafu akaniuliza "wewe hapo unamtazama nani?" Nikamwambia ukweli. Kesho yake akanipeleka Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kampala. Najua mnavyolisema hilo jina, kwetu mtu akikutukana anakwambia wewe wa Butabika, na mimi niliogopa hadi miguu ikakataa getini. Hospitali ipo toka 1955 na bado tunaitumia kama tusi. Nikakuta watu wa kawaida kwenye benchi, mama na mtoto mgongoni, mwalimu mmoja, askari mmoja. Nikapata dawa na mtu wa kuongea naye kila wiki mbili. Leo niko mwaka wa pili chuoni.

Kwa hiyo kaka keti naye. Muulize anamtazama nani.

---

Nesi_Masaka:

Amina mwanangu asante, umesema kitu ambacho sisi wenyewe kazini tunachukua muda kukifikia.

Niongeze ya kazini. Mtotowakambi, mtoto asiyelia, asiyekula, anayetembea kwenye mvua ili asipande boda, huyo anahitaji kuonwa na mtu, muvi iwepo isiwepo. Miezi imepita sasa. Usisubiri dalili kubwa. Na hili watu wanaliogopa sana: muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, hilo limeshachunguzwa, na wengi ukiwauliza unaona mabega yanashuka kabisa. Muulize kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnamenya ndizi au mnafua. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani ndani ya nyumba, na mwende siku hiyo hiyo. Msisubiri Jumatatu.

Hamhitaji kusafiri mpaka Kampala. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, hapo Jinja mpo karibu. Mwulizie afisa tabibu wa magonjwa ya akili. Na kuhusu sheria, ticha uko sahihi kuwa kifungu kipo, lakini msiache kuja kwa kuogopa, sisi kazi yetu ni kutibu mtu aliye mbele yetu.

Kuhusu pepo na mchungaji, msigombane na mama. Mama naye amezika mtoto. Aombe, na hospitali mwende, vyote viwili vinaingia kwenye wiki moja.

Kitu kingine kidogo kwa sababu nyote mnaongelea muvi za Marekani kana kwamba huzuni ya namna hii iligunduliwa huko. Hapa kwetu Masaka na Rakai, baada ya Ukimwi kumaliza watu, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe hiyo hali wanaiitaje, na wazee wakawapa maneno yao, okwekyawa, yaani mtu kujichukia mwenyewe, na okwekubagiza, kujihurumia. Wakaundwa vikundi vya kukaa na kuongea mara moja kwa wiki, wiki 16, anayeongoza ni mtu wa hapo hapo aliyefundishwa, si daktari. Matokeo yalichapishwa 2003, na waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko vijiji ambavyo havikuwa navyo. 2007 ikatoka ya vijana wa miaka 14 mpaka 17 kwenye makambi ya waliokimbia vita kule Acholi, kaskazini, na wasichana ndo walionufaika zaidi. Mbinu yenyewe ni kukaa chini na kuongelea nani amekufa, nani mmegombana, nini kimebadilika. Ndicho alichofanya binamu yake Amina bila kusomea.

---

ticha_wa_S3:

Amina nimekusoma mara mbili. Maneno yangu ya kuzuia nayarudisha nusu. Peke yake usiku na simu, hapana, hapo sibadiliki. Akiwa na mtu pembeni, sawa. Na nimejifikiria, nina wanafunzi wangapi niliowaita wavivu.

---

mtotowakambi (Jinja):

Ndugu zangu asanteni, nilikaa kimya siku sita kwa sababu nilikuwa nafanya mlichosema.

Jumamosi nilimwambia nataka kuitazama hiyo muvi na yeye. Akaniangalia kama ananipima. Mama alikuwa kanisani. Tukakaa kwenye mkeka na simu tumeiegemeza kwenye birika. Hakuongea chochote mwanzo, mimi nilikuwa naogopa lile daraja, likapita. Katikati nikamuuliza kama Amina alivyosema, wewe hapa unamtazama nani, nikijua atasema Violet, nikiomba asiseme Finch.

Akasema Kate.

Nikawa simkumbuki hata ni nani. Akaniambia Kate, dada yake Finch. Akasema Violet ana watu, ana baba na mama, ana Finch wa kumtembeza, na mwisho muvi yote inabaki na yeye tuone amepona. Kate ndo alikuwa anaishi naye nyumba moja, na hakuna anayetuonyesha Kate alifanyaje baadaye. Anairudia kila mara anatafuta kama kuna mahali amepitwa.

Halafu akaniuliza helmeti ya kaka iko wapi. Nilikuwa sijui. Ikabidi nimwambie ukweli, mama alimpa kijana mmoja wa stejini wiki ile ile tuliyorudi kwa sababu hakuweza kuiona mlangoni. Akasema usiku ule kaka aliondoka bila kuivaa kwa sababu yeye alikuwa ameihamisha akiwa anafagia, na kaka akaitafuta akakosa, akasema nitarudi sasa hivi. Miezi yote hii amekuwa na hilo peke yake ndani. Ndo maana hakulia kwenye lori. Alilia Jumamosi, mpaka mama akarudi akatukuta, na mama akaacha Biblia mlangoni akakaa chini na sisi.

Nilimuuliza na lile swali la nesi, tukiwa tunaosha vyombo. Alisema amewahi kufikiria angekuwa yeye badala ya kaka, lakini kujidhuru hapana. Nimemwamini ila simu nalala nayo mimi, na kina mama wawili wa jirani wanajua.

Alhamisi tuna miadi hospitali ya rufaa, mama anakuja pia. Kutoka hapa ni kama dakika hamsini kwa miguu. Mama alitaka tuchukue boda mbili, nikamwambia hapana, tutatembea wote watatu.